Kelele asiyoisikia mwingine: Tuliyojifunza kwa muadhini wetu aliyeumizwa na sauti

Kwa Ijumaa nne mfululizo tulimkosa muadhini wetu. Pale safu ya kwanza, kuliani mwa mimbari, alipozoea kukaa kwa zaidi ya miaka 20, walikaa wengine, na adhana ikatolewa na kijana tuliyemteua kwa haraka. Katika kikao cha kamati jambo hilo lilipita kwa maneno machache. Mmoja wetu alisema mzee amenuna kwa kuwa spika mpya zilinunuliwa bila yeye kushauriwa. Mwingine akasema amesikia kwamba siku hizi anaswali msikiti wa mtaa wa pili. Nasi tuliokabidhiwa kalamu ya muhtasari tuliandika neno moja mbele ya jina lake: "mtoro". Neno hilo lipo daftarini hadi leo. Hatukulifuta, ili litukumbushe.

Zilipita wiki sita kabla hatujakwenda kumzuru, ilhali nyumba yake haifiki mwendo wa dakika 10 kutoka msikitini, hapa hapa Korogwe. Mkewe alitupokea kwa sauti ya chini mno, kama mtu mwenye mtoto mchanga aliyelala. Sinia ya chai ilitandikwa kitambaa kizito, na kati ya kikombe na kikombe kulichomekwa kipande cha kanga kuukuu. "Ustadh, mtuwie radhi," alinong'ona, "vikombe vikigongana Maalim anaumia."

Maalim mwenyewe alikuwa amekaa pembeni mwa dirisha, pamba masikioni. Tulipomuuliza habari yake alitazama chini kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, ile korona ya mkonge niliyoifanyia kazi ujanani ilinyamaza zamani. Lakini humu kichwani mwangu inapiga zamu ya usiku na ya mchana. Na hiyo spika yenu mpya ikilia, ni kama msumari unaingia hapa." Akagusa sikio la kushoto.

Hakuwa amenuna, wala hakuwa na msikiti mwingine. Alikuwa anaswali chumbani peke yake, akilia kwa kukosa jamaa. Tulitoka pale tukiwa wadogo machoni mwa nafsi zetu. Makala hii tunaiandika kwa idhini yake, bila ya kumtaja jina, kwa sababu tangu siku hiyo tumegundua kuwa nyumba zenye msiba wa namna hii ni nyingi kuliko tulivyodhani, na kwamba wengi wenye msiba huo wamenyamaza kwa kuogopa kuitwa wendawazimu.

Mlio usiotoka nje

Hali aliyonayo Maalim huitwa mvumo wa masikio. Mtu husikia mlio, mvumo, filimbi au sauti kama ya nyenje, na hali hakuna chochote nje kinacholia. Waarabu huuita "tanin", na si jambo geni. Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliuweka miongoni mwa maradhi ya sikio katika kitabu chake cha Al-Qanun, akatafuta sababu zake mwilini. Takriban miaka elfu moja iliyopita tabibu huyo aliutazama mvumo kama jambo la kutafutiwa sababu na tiba. Ni aibu basi kwetu leo tukikimbilia kusema kwamba mwenye nao amerogwa.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la JAMA Neurology lilichapisha hesabu iliyokusanywa kutokana na tafiti nyingi: takriban watu wazima 14 katika kila 100 duniani wamepata kuusikia mvumo huu, yaani zaidi ya watu milioni 740, na kati yao zaidi ya milioni 120 unawatesa sana. Kwa hiyo msikitini, katika safu moja ya watu 30, tusishangae tukiwapata watatu au wanne wanaoujua.

Wataalamu hueleza asili yake hivi. Ndani kabisa ya sikio, katika kiungo kilichojikunja kama konokono, Mwenyezi Mungu ameweka seli zenye vinyweleo vidogo mno, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zinazoigeuza sauti kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Zikifa kwa makelele, kwa dawa fulani au kwa umri, hazioti tena. Ubongo, ukikosa habari kutoka kwenye seli zilizokufa, hufanya kama afanyavyo mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio: huongeza sauti. Stesheni haipatikani, lakini mkwaruzo unasikika. Mkwaruzo huo ndio mvumo.

Na huku kuongeza sauti kwa ubongo ndiko kunakoeleza balaa la pili la Maalim, la kuumizwa na sauti ambazo wengine hawazijali. Redio iliyofunguliwa hadi mwisho ikipata stesheni iliyo karibu, hupasua masikio. Ndivyo mlio wa kijiko ndani ya kikombe unavyokuwa kwake kama nyundo. Watu wengi wenye mvumo hawana balaa hili la pili. Aliyejaaliwa yote mawili, mzigo wake ni mzito zaidi.

Kelele za nchi yetu

Tulipomuuliza Maalim ni lini ilianza, alicheka. "Nianze na ipi?" Ujana wake aliutumia katika kiwanda cha shamba la mkonge. Zao hilo liliingizwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na tangu hapo vizazi kwa vizazi vya watu wa Korogwe na Handeni vimesimama mbele ya korona, ile mashine inayosaga jani na kuacha nyuzi. Aliyewahi kuingia katika nyumba ya korona anajua kwamba mule watu huongea kwa ishara. Maalim alisimama humo miaka 11 bila ya kuziba masikio hata siku moja.

Kisha akafungua mashine ya kusaga mahindi. Kisha, kwa miaka 20 na zaidi, akawa anatoa adhana na kukaa chini ya spika.

Kipimo cha ukali wa sauti ni desibeli. Wataalamu wa afya kazini wanasema desibeli 85 mtu huweza kuzistahimili saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda wa salama hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kuendelea hivyo. Hesabu hii iwafikie wasagaji, mafundi wa kuchomelea, wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Handeni, madereva wa bodaboda waliotoboa ekzosi, na vijana wetu wanaolala na hedifoni masikioni.

Dawa nazo zina sehemu yake. Wazee wetu waliougua malaria enzi za kwinini wanakumbuka vizuri jinsi masikio yalivyovuma wakati wa dozi. Mvumo wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Lakini baadhi ya dawa, kama sindano za gentamisini na streptomaisini, zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja. Hatusemi mgonjwa aziache, kwani huenda ndizo zinazookoa uhai wake. Tunasema kwamba akisikia masikio yanaanza kulia akiwa katika dozi, amwambie daktari siku hiyo hiyo.

Aliukimbia mji, akaufuata mlio

Jambo la kwanza alilolifanya Maalim ndilo ambalo wengi wetu tungelifanya: alikimbilia kimya. Mwanawe ana shamba upande wa Handeni, mbali na barabara ya lami, mahali ambapo usiku hakuna zaidi ya upepo na mbwa wa mbali. Alikwenda akakaa miezi miwili. Mchana alifunga madirisha, akaziba masikio kwa pamba na kujifunga kilemba juu yake.

"Wiki ya kwanza niliona raha," alitueleza. "Wiki ya tatu nikawa namsikia kuku akiparura nje kama mtu anabomoa ukuta. Na usiku, katika kile kimya, mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyouacha Korogwe."

Daktari aliyemwona baadaye hakushangaa. Ubongo ulioongeza sauti kwa kukosa habari, ukinyimwa zaidi, huongeza zaidi. Anayeziba masikio siku nzima dhidi ya sauti za kawaida za nyumbani huyafanya masikio yake yazidi kutostahimili. Kinga ya masikio ina mahali pake, nayo ni penye makelele ya kweli: kwenye mashine, kwenye muziki wa harusi, kwenye kuchomelea. Jikoni na barazani, sauti ndogo ya upole ni bora kuliko kimya.

Katika miezi hiyo ya Handeni familia ilihangaika kwa njia nyingine pia. Walikuja watu wakasema ni jini anayempigia zumari. Sisi hatukatai kisomo cha ruqya kilicho katika mipaka ya sheria. Ni dua, na dua ni silaha ya muumini. Tunachokataa ni mtu kuchinjishwa mbuzi wa rangi fulani, au kuambiwa asiende hospitali mpaka jini aridhike. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kujitibu na akatufundisha kwamba hapana maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa yake. Kumtegemea Mwenyezi Mungu na kupanda basi kwenda kwa daktari ni mambo mawili yanayokwenda pamoja.

Wakaja pia wenye mafuta. Alitiliwa sikioni mafuta ya moto yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, mafuta hayo huingia mahali pasipostahili na kuleta usaha. Hata habbat sauda, pamoja na heshima yake kwetu, haikuamriwa kumiminwa ndani ya sikio. Na katika mji mmoja mtu alimuuzia chupa ya vidonge vya kutoka ng'ambo kwa bei ya mbuzi wawili. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu mvumo, na kikasema waziwazi kwamba vidonge vya majani ya ginko, vya zinki na vya melatonini visipendekezwe kwa ugonjwa huu. Mwongozo huo huo ulipendekeza vitu vingine: kupimwa usikivu, kujaribu shimesikio kwa aliyepungukiwa usikivu, na tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kubadili jinsi anavyoupokea mlio.

Kifaa cha kwanza: shimesikio

Baada ya ziara yetu kamati ilichanga nauli, na kijana mmoja akamsindikiza Maalim hadi hospitali ya rufaa. Kwanza walimtoa nta iliyokuwa imeziba sikio moja. Wapo ambao mvumo wao huishia hapo. Wake haukuishia. Walimpima usikivu katika chumba kisichoingiza sauti, wakamwambia sauti nyembamba zimepotea katika masikio yote mawili. Kisha wakamshauri avae shimesikio, kifaa kidogo cha kusaidia kusikia kinachokaa nyuma ya sikio.

Hapo tulistaajabu. Mtu anaumizwa na sauti, naye apewe kifaa cha kuongeza sauti? Mtaalamu alifafanua kwamba kifaa hupangwa ili kirudishe zile sauti nyembamba tu ambazo ubongo unazitafuta, na kina kikomo ambacho hakiwezi kukivuka hata mlango ukibamizwa. Ubongo ukipata ulichokikosa, hauna haja ya kupandisha redio.

Safari haikuwa nyepesi. Siku ya kwanza maji ya bomba yalisikika kama mvua ya mawe, na karatasi ya Mas-hafu ikifunuliwa ilikuwa kama moto wa nyasi. Maalim akakirudisha kifaa ndani ya boksi kwa wiki mbili. Aliporudi hospitali walikipunguza, wakamwambia avae saa 1 kwa siku ndani ya nyumba tulivu, halafu 2, halafu 3. Mwezi wa tatu alikuwa anakivaa tangu Adhuhuri hadi Isha.

Lakini kifaa kina adabu zake, na hizi tunaziandika kwa ajili ya wanaoswali. Wakati wa udhu kivuliwe, masikio yapakwe maji kama ilivyo sunna, yakaushwe vizuri, ndipo kirudishwe, kwani maji ndiyo adui yake. Na katika takbira ya kuhirimia, Maalim alipoinua mikono hadi masikioni, kifaa kilipiga filimbi! Watoto wa safu ya nyuma wakaangua kicheko, naye akaona haya kiasi cha kutaka kukiacha. Sababu ni kwamba kiganja kikikaribia sikio, sauti inayotoka kwenye kifaa hurudi na kuingia tena. Sheikh wetu alilimaliza hilo kwa upole: mapokezi ya Mtume (s.a.w.) yamekuja kwa kuinua mikono hadi usawa wa masikio na pia hadi usawa wa mabega. Tangu siku hiyo Maalim anainua hadi mabegani, na filimbi imekwisha.

Kwa usiku, shimesikio huvuliwa, na hapo ndipo mlio hurudi kwa nguvu. Mwanawe alimrekodia kwenye simu sauti ya mvua juu ya bati, akaiweka chini, ndogo kuliko mlio wenyewe, ili ubongo upate cha kushika bila ya kufunikwa. Awali Maalim alikuwa akiacha kisomo cha Qur'ani usiku kucha kwa kazi hiyo. Kisha akaona kwamba maneno ya Mola wake yanastahili kusikilizwa, na si kuwa blanketi la kufunikia mlio. Akaweka kisomo kabla ya kulala, robo saa ya kusikiliza kwa moyo wote, na mvua baada ya hapo. Feni ndogo ya mezani pia hufaa.

Vifaa vipya vya ng'ambo

Vijana wa msikiti, kwa kumpenda mzee wao, walituletea habari za vifaa vipya. Tulikaa nazo kwa makini, kwa sababu tumaini la uongo nalo ni maradhi.

Cha kwanza kimetengenezwa na kampuni ya Neuromod ya Ireland, na huitwa Lenire. Mgonjwa huvaa hedifoni zinazotoa sauti maalumu, na wakati huo huo kidude kidogo kilichowekwa juu ya ulimi hutoa mchomo mwepesi wa umeme. Hutumika hadi saa 1 kwa siku kwa wiki 12. Kusudio ni kuupa ubongo habari mbili kwa pamoja, ya sauti na ya mguso, ili uache kuushughulikia mvumo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 326 huko Ireland na Ujerumani, na Machi 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikakiruhusu kifaa hicho. Bei yake ni maelfu ya dola.

Cha pili kilitokana na utafiti wa Susan Shore wa Chuo Kikuu cha Michigan. Yeye aligundua kwamba neva za shingo na taya hukutana na neva za usikivu katika shina la ubongo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wakikaza taya au kugeuza shingo mlio wao hubadilika. Maalim alilithibitisha hilo kwa kusema kwamba akisujudu mlio hupanda. Kifaa hicho hutoa sauti pamoja na umeme mdogo shingoni au shavuni, dakika 30 kila siku kwa wiki 6. Jaribio lake, lililochapishwa mwaka 2023, lilikuwa na watu 99.

Sasa, watu wa Korogwe ni wajuzi wa maana ya jaribio. Hapa kwetu palikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Wazazi wengi wanakumbuka kwamba baadhi ya watoto walipewa chanjo hiyo na wengine chanjo nyingine, ili walinganishwe. Bila ya kundi la kulinganisha, huwezi kujua kama aliyepona amepona kwa dawa, kwa wakati, au kwa matumaini.

Tukikipeleka kipimo hicho kwenye vifaa hivi, tunaona hivi. Jaribio la Michigan lilikuwa na matibabu ya kulinganisha ambayo mgonjwa hakuweza kuyatofautisha. Lile la watu 326 lilikuwa na makundi matatu, lakini yote matatu yalipata kifaa kinachofanya kazi, kwa mipangilio tofauti. Kisha mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine la Lenire, la watu 112. Hao walipewa wiki 6 za sauti peke yake, kisha wiki 6 za sauti pamoja na umeme wa ulimi. Miongoni mwa wenye mvumo wa wastani na kuendelea, walionufaika katika kipindi cha pili walikuwa kiasi cha 59 katika kila 100, na katika kipindi cha sauti peke yake 43 katika kila 100.

Maalim alipofasiriwa hesabu hiyo alinyamaza, kisha akauliza: "Yaani hata hao waliopewa sauti tu, 43 walipata nafuu?" Tukamjibu ndiyo, ingawa sehemu ya nafuu hiyo huenda ni ya matumaini yenyewe, na sauti yao ilitoka kwenye kifaa maalumu. Akatabasamu: "Basi mimi na mvua yangu ya bati hatuko mbali sana na Wazungu."

Hatuwavunji moyo wenye uwezo. Mwenye jamaa ng'ambo na mwenye nafasi, aulize daktari bingwa kwanza kama kifaa kinamfaa, kwani si kila mvumo ni wa aina moja, na wagonjwa wa majaribio hayo walichaguliwa. Ajue pia kwamba vifaa hivi vinapunguza usumbufu, na hakuna jaribio lililoahidi kwamba mlio utatoweka kwa kila mtu. Na asiuze shamba la watoto kabla hajapimwa usikivu, hajatolewa nta, na hajajaribu shimesikio.

Msikiti nao ulijirekebisha

Ilibaki sisi. Kikao cha kamati cha mwezi uliofuata kilikuwa kigumu. Mzee mmoja alisimama akasema adhana ni alama ya Uislamu, haiwezi kupunguzwa kwa ajili ya mtu mmoja. Tulimwambia hakuna aliyetaka kuigusa adhana. Tulichoomba ni spika za ndani. Tukakumbushana jinsi Luqman alivyomuusia mwanawe kuishusha sauti yake, na jinsi Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu, alivyowakataza waliokuwa wakisoma kwa sauti kubwa wasiudhiane.

Wasiwasi wa pili ulikuwa wa haki zaidi: wazee wasiosikia vizuri wangepoteza hotuba. Fundi akatufundisha jambo ambalo hatukulijua. Msikiti wenye kuta tupu na spika mbili kubwa, ukipandisha sauti unapandisha mwangwi, na maneno yanazidi kuvurugika. Tulibadilisha spika mbili za mbele kwa ndogo nne zilizosambazwa ukutani, tukaweka mazulia zaidi, na tukakataza kugonga kipaza sauti kwa kidole wakati wa kukijaribu. Sauti ikashuka, maneno yakawa wazi. Wazee waliohofia ndio waliokuwa wa kwanza kushukuru.

Pembe ya nyuma, mbali na spika, tumeitenga kwa mwenye kuhitaji utulivu. Tulidhani itakuwa ya Maalim peke yake. Wiki ya kwanza tu alikaa hapo kijana wa mashine ya kusaga, kisha mama mmoja upande wa akina mama akaomba nao watengewe yao.

Kwa familia zetu

Ikiwa nyumbani mwako yupo mwenye mvumo, usimwambie "zoea tu". Muulize leo ukoje. Usimpigie kelele, wala usimnong'oneze. Zungumza naye ukiwa mbele yake kwa sauti ya kawaida. Mpunguzie milio ya ghafla, lakini usiigeuze nyumba kuwa kaburi. Mkumbushe usingizi, kwani uchovu na hofu huupandisha mlio. Mkewe Maalim alitueleza kwamba kilichomchosha hakikuwa vikombe bali mumewe kuacha kuzungumza. Siku hizi wana ada ya kunywa chai barazani baada ya Alasiri, sauti za mtaa zikiwa mbali, na vikombe havina tena vipande vya kanga.

Zipo dalili zisizongoja. Mvumo wa sikio moja tu, mvumo unaopiga pamoja na moyo, kizunguzungu, usaha, au mvumo baada ya kugongwa kichwa, mtu apelekwe hospitali upesi. Na usikivu ukipotea ghafla, ni jambo la kwenda siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba yake hufaa zaidi katika siku za mwanzo. Mwanzo wa njia uko karibu: hospitali ya Magunga hapa Korogwe au ya wilaya kule Handeni, kisha rufaa ya Bombo mjini Tanga, na kwa madaktari bingwa KCMC Moshi au Muhimbili. Na mgonjwa akianza kusema amechoka na maisha, asiachwe peke yake. Imamu wake na daktari wake waambiwe wote wawili.

Maalim hajapona. Mlio upo, na baadhi ya usiku unamshinda. Lakini amerudi jamaa. Alfajiri za Jumatatu na Alhamisi ndiye anayetoa adhana, akisimama hatua mbili nyuma ya kipaza sauti, shimesikio nyuma ya sikio, kwa sauti ile ile tuliyoizoea tangu utotoni. Ijumaa iliyopita tulifungua daftari la muhtasari, tukaandika chini ya lile neno letu la aibu: "Alikuwa mgonjwa, nasi hatukumzuru."

Masikio, macho na nyoyo ni amana ambazo kila mmoja wetu ataulizwa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie usikivu wetu, awape wagonjwa wetu nafuu na subira, na atujaalie kumuuliza ndugu yetu aliyekosekana safuni kabla hatujamhukumu. Amin.